Pikipiki ikilala sebuleni, funga koki kwanza

IKIFIKA saa tatu usiku pale Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, pikipiki nyingi hazibaki nje. Zinasukumwa hadi mlangoni, zinapandishwa kizingiti kwa kipande cha ubao, zinaingizwa sebuleni na kuegeshwa kando ya kochi. Nje kuna wezi, na pikipiki ya mkataba ikiibwa deni halipotei nayo. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Watoto wanatandikiwa godoro upande wa pili wa chumba hichohicho, taa inazimwa, na familia inalala chumba kimoja na lita kadhaa za petroli.

Kinachoamua kama usiku huo utakuwa salama ni kifaa chenye ukubwa wa ngumi, kilichokaa kati ya tanki na injini. Ni kabureta. Madereva wanaijua kwa jambo moja, kwamba ikisumbua pikipiki inamisi na hesabu ya bosi haitimii. Akina mama wanaijua kwa jambo jingine, ambalo ni harufu ya asubuhi.

"Baba watoto, mbona nyumba inanuka mafuta?"

"Ndivyo pikipiki zilivyo, mama. Ukifungua mlango itaisha."

Sivyo zilivyo. Pikipiki nzima haitakiwi kuacha harufu kali ya petroli chumbani hadi kunapambazuka. Harufu kali maana yake kuna mahali mafuta yanatoka, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye kabureta.

Kazi ya kifaa hiki ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa uzito, injini inataka takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Chini ya kabureta kuna kikombe kinachotunza mafuta kidogo, na ndani yake kuna boya, ambalo mafundi wanaliita floti. Linafanya kazi kama lile boya la ndani ya tanki la maji. Mafuta yakipanda, boya nalo linapanda na kusukuma sindano ndogo inayoziba tundu la kuingizia. Injini ikiyatumia, boya linashuka na tundu linafunguka.

Sasa chukua barabara za vumbi za Kahama hadi Geita, na tanki ambalo halijawahi kusafishwa tangu linunuliwe. Chembe moja ya mchanga au kutu ikikaa kwenye ncha ya ile sindano, tundu halizibi. Petroli inaendelea kushuka kutoka tankini kwa uzito wake yenyewe, usiku kucha, hata kama injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Kikombe kinafurika, na mafuta yanatokea kwenye mpira mwembamba wa chini na kudondoka sakafuni. Wakati mwingine hayadondoki nje kabisa. Yanapenya hadi kwenye injini na kuchanganyika na oili, na hapo dereva anashangaa kuona oili imeongezeka bila mtu kuiongeza, tena inanuka petroli. Oili ya namna hiyo imwagwe kabla pikipiki haijawashwa tena.

Kinga ya kwanza haihitaji spana. Chini ya tanki kuna koki, na kwenye pikipiki nyingi ina nafasi tatu: kufungua, rizevu na kufunga. Madereva wengi wanazijua mbili za kwanza tu. Ya tatu inapita mwaka mzima haijaguswa, hadi koki yenyewe inakamata. Dereva anayeingia mtaa tulivu akibakiza mwendo mfupi kufika nyumbani anaweza kufunga koki akiwa bado anaendesha, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye kikombe yatamfikisha. Faida yake ni kwamba pikipiki inaingia ndani na kikombe kikiwa na mafuta machache. Asubuhi afungue koki, asubiri kidogo kikombe kijae, kisha apige kiki.

Kwa nini matone machache yawe habari ya ukurasa wa familia? Kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatokea dirishani kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa sakafuni na kukaa chini, palepale kwenye godoro la watoto. Unaweza kutambaa hadi chumba cha pili kwenye jiko la mkaa ambalo bado lina makaa mekundu, au hadi kwenye kiberiti cha mama anayeamka usiku kumtazama mtoto. Na petroli haihitaji joto ili itoe mvuke unaowaka. Inautoa hata kukiwa na baridi kali kuliko barafu. Kwa hiyo usiku wa Juni wenye ubaridi si kinga.

Watanzania walishaonyeshwa jambo hili kwa kipimo cha kutisha. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto uliolipuka uliua zaidi ya watu 100. Wengi wao walikuwa vijana, na madereva wa bodaboda walikuwamo. Ya sebuleni hayafiki ukubwa huo, lakini mvuke ni uleule, na mlango wa kukimbilia nje huwa ni mmoja, nao umezibwa na pikipiki.

Kama kuna uwezekano wowote wa kuilaza nje, ni bora. Mnyororo mzito uliofungwa kwenye chuma kilichozikwa kwa zege barazani unagharimu fedha mara moja tu. Majirani wawili au watatu wanaweza kuchangia banda moja lenye kufuli. Ikibidi ilale ndani, koki ifungwe, watoto walale chumba kingine, na jiko la mkaa libaki nje ya nyumba. Hilo la jiko lingetakiwa kufanyika hata kwenye nyumba isiyo na pikipiki, na sababu yake inakuja mbele.

Kabla ya kuifungua kabureta

Madereva wengi wanarekebisha kabureta nyumbani, na wana sababu zao. Siku moja kwa fundi ni siku isiyo na hesabu. Aidha, kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye subira. Tatizo ni kwamba kabureta nyingi hufunguliwa bure, kwa kosa ambalo si lake.

Vumbi ndilo la kushukiwa kwanza. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, dereva anayefuata malori anavuta vumbi, na pikipiki yake inavuta zaidi. Chujio la hewa likiziba, hewa inapungua, petroli inabaki ileile, na mchanganyiko unakuwa mzito. Pikipiki inatoa moshi mweusi, inakula mafuta na kukosa nguvu kwenye mlima. Dereva anakimbilia skrubu za kabureta, anapunguza mafuta hadi moshi unaisha, anafurahi. Wiki mbili baadaye fundi anabadilisha chujio, na ghafla mafuta hayatoshi, injini inachemka. Chujio lisafishwe kwanza. La sponji linaoshwa kwa maji ya sabuni, linakaushwa kabisa, kisha linapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi linakung'utwa, na likichakaa linabadilishwa, halioshwi.

Kuna jambo jingine la ukanda huu ambalo wachache wanalitaja. Bulyanhulu iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku itakuwa na mafuta mengi kidogo kuliko inavyohitaji. Tofauti hiyo ni ndogo, na robo mzunguko au nusu ya skrubu inaweza kuimaliza. Chujio lililoziba linaleta hasara kubwa kuliko mwinuko.

Baada ya chujio, dereva atazame mfuniko wa tanki. Una tundu dogo la kuingizia hewa. Likizibwa na vumbi au nailoni, mafuta yanashindwa kushuka: pikipiki inakwenda vizuri kilomita chache, inazima, inapumzishwa, inawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote. Akiona hivyo, alegeze mfuniko na kusikiliza. Hewa ikiingia kwa mluzi, kabureta haina hatia.

Kisha plagi, ambayo inasema mengi kuliko fundi mwenye maneno. Ikitolewa ikiwa na rangi ya kahawia kama kahawa ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Nyeupe maana yake mafuta ni machache na injini inachemka. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, injini imekuwa ikimezeshwa mafuta bila kuyachoma.

Mafuta yenyewe nayo yanaweza kuwa ndiyo mwizi. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Petroli ya chupa ya kando ya barabara haina anayeipima, na wakati wa masika inaweza kuwa na maji. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifunguliwe mafuta yakidondokea kwenye kikopo cha bati, na kama kuna maji yataonekana chini kama shanga zinazoteleza. Kumwaga tu hivyo mara nyingi kunaponya pikipiki iliyokuwa inamisi tangu mvua ya juzi.

Kurekebisha

Mahali pa kazi hii ni nje, kivulini, ambako upepo unatoka upande wa nyumba kwenda mbali na nyumba. Jiko liwe limezimwa au liwe mbali, sigara isiwepo, na injini iwe imepoa. Watoto wasikae kutazama, ingawa hakuna kitu wanachokipenda kama kumwona baba akifungua vyuma. Beseni la kuoshea vifaa liwe la bati na lisirudi jikoni kamwe. Familia za ukanda wa dhahabu zimeshaelezwa kwamba chombo kilichoshika zebaki hakipikiwi mboga. Beseni la petroli lina sheria hiyohiyo.

Kwa kurekebisha tu, kabureta haifunguliwi. Kuna skrubu mbili za nje. Moja ni ya sailensi, yaani ule mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama bila kupigwa resi. Hiyo inasukuma tu kile kifuniko cha ndani kinachonyanyuliwa na waya wa resi, na ikikazwa mngurumo unapanda. Ya pili ni ndogo zaidi na ndiyo inayopanga mchanganyiko. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu haifanyi kazi sawa kwenye kabureta zote. Ikiwa iko upande wa chujio la hewa, inapima hewa: kuikaza kunapunguza hewa na kufanya mafuta yawe mengi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: kuikaza kunayapunguza. Mtu asipojua yake ni ipi, atazunguka kutwa akienda kinyume.

Injini ipashwe moto kwanza kwa kuendesha dakika kumi hivi, na choki iwe imerudishwa. Kisha izimwe. Ile skrubu ndogo ikazwe taratibu hadi iguse, huku dereva akihesabu mizunguko na kuiandika, hata kwenye simu. Ikigusa asiilazimishe, maana ncha yake ni nyembamba na ikipinda kabureta imekwisha. Airudishe mizunguko ileile aliyoihesabu. Kwenye pikipiki nyingi huwa ni kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu. Sasa awashe, na azungushe robo mzunguko kwa wakati mmoja, asubiri injini ijibu, kisha robo nyingine. Mahali mngurumo unapokuwa wa juu na laini kuliko pote ndipo pake. Baada ya hapo aishushe sailensi kwa ile skrubu kubwa hadi iwe ya kawaida, apige resi mara moja, aachie. Ikirudi polepole ikiwa inaning'inia juu, hewa ni nyingi. Ikizama na kutaka kuzima, mafuta ni mengi. Ikitulia mara moja, aache. Tabia ya kuendelea kuchokonoa kitu kilichokwisha kukaa sawa imewalaza wengi na pikipiki mbovu.

Wakati huu wote ekzosi ni ya moto. Ndama za miguu ya watoto wa madereva zina makovu ya duara yanayojulikana kwa kila nesi wa zahanati. Jeraha la namna hiyo liwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, lisipakwe dawa ya meno, unga wala yai.

Kuna dalili ambazo skrubu haiziponyi. Pikipiki inayowaka ikiwa na choki tu na kuzima choki inaporudishwa, mara nyingi jeti yake ndogo imeziba. Inayopiga risasi kwenye ekzosi ikiachiwa resi mlimani inaweza kuwa inavuta hewa pembeni, na mpira unaounganisha kabureta na injini ndio wa kukaguliwa kama una nyufa. Na ile inayovuja usiku, sindano yake ina uchafu au imelika. Hapo ndipo kikombe kinafunguliwa, koki ikiwa imefungwa na mpira wa mafuta umechomolewa.

Matundu ya jeti ni madogo. La jeti ndogo halifiki nusu milimita. Fundi mwenye haraka huchomoa uzi mmoja wa waya wa klachi na kulizibua. Waya huo ni chuma kigumu, jeti ni shaba laini, tundu linapanuka kidogo, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa kuliko mwanzo bila mtu kujua sababu. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha. Cha kupulizia ni pampu ya baiskeli, ambayo nyumba nyingi za Usukumani hazikosi. Mdomo hautumiki.

Mdomo na chupa

Hilo la mdomo linahitaji kusemwa kwa urefu, kwa sababu wanaume wengi wanalichukulia kama ujuzi. Petroli inanyonywa kwa mpira kutoka pikipiki moja kwenda nyingine, jeti zinapulizwa kwa mdomo, na anayetema mate yenye mafuta anachekwa kidogo, basi. Hatari kubwa ya petroli iliyoingia mdomoni haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Ni nyepesi, inasambaa haraka kuliko maji, na kiasi kidogo kikipotea njia kikaingia kwenye koo la hewa, kinaweza kuleta nimonia mbaya. Tena hakuna haja ya kunyonya: pikipiki ina koki na mpira wake. Mpira uchomolewe kwenye kabureta, uelekezwe kwenye kidumu, koki ifunguliwe.

Mtoto anayemwona baba akifanya hivyo anajifunza kwamba ile chupa inaweza kuwekwa mdomoni. Na chupa yenyewe ni ileile ya maji au ya soda aliyonunuliwa juzi, yenye lebo yake, yenye kitu ndani kinachofanana na juisi. Mafuta yaliyobaki baada ya kuosha kabureta yanawekwa humo "kwa muda", chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hasomi harufu kama mtu mzima. Anaona chupa, ana kiu.

Ikitokea amekunywa, asitapishwe. Asipewe maziwa, mafuta ya kula, mkaa wala maji mengi ya kulazimishwa. Imani kwamba maziwa yanaua sumu imewachelewesha wazazi wengi, na kwa petroli inaongeza hatari, kwa sababu mtoto akitapika, mafuta yanapita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo pamoja na ile chupa ili mhudumu aone ni nini na kimepungua kiasi gani. Kukohoa, kupaliwa, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani na kusinzia ni dalili za hatari. Lakini hata mtoto anayecheza kama kawaida apelekwe, kwa sababu matatizo ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Mzazi akiambiwa abaki kwa uangalizi, asiombe ruhusa ya kuondoka kwa kuwa mtoto "yuko poa".

Mafuta yaliyobaki yakae kwenye kidumu cha mafuta chenye mfuniko, juu, nje, kwenye kufuli. Machafu yasimwagwe chooni wala karibu na kisima. Yapelekwe gereji. Na yakishika moto, maji yasirushwe, kwani petroli inaelea juu yake na moto unasafiri nayo. Mchanga ndio unaofaa. Watu watoke kwanza, kisha Zimamoto wapigiwe kwa namba 114.

Homa isiyo malaria

Kuna kosa moja linalofanywa na madereva wazuri kabisa. Saa kumi na moja alfajiri, pikipiki ikiwa bado sebuleni na mlango haujafunguliwa, anapiga kiki ili injini ipate joto wakati yeye anavaa viatu. Watoto wamelala. Ni dakika chache tu.

Injini yenye mchanganyiko mzito, ile ya moshi mweusi, haichomi mafuta yote, na ndiyo inayotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Jiko la mkaa linatoa gesi hiyohiyo, na ndiyo sababu lisilale ndani. Mjamzito na aliye tumboni mwake wako kwenye hatari ya pekee.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Kwa mzazi wa Shinyanga hayo ni malaria hadi ithibitike vingine, na dawa inanunuliwa kabla ya kipimo. Malaria inaweza kweli kuwepo, na kipimo kifanyike. Lakini gesi ina alama zake: wanaumwa wote waliokuwa chumbani kwa wakati mmoja, hawana joto la mwili, na wakikaa nje wanapata nafuu. Mama akiona mpangilio huo na kipimo cha malaria kimetoka hasi, amwambie mhudumu kwamba pikipiki huwashwa ndani. Mhudumu hawezi kulikisia. Akimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye jiko au injini inayonguruma, afungue mlango, amtoe nje kwanza, kisha aite msaada.

Kwa yule anayeosha vyuma kwa petroli kila wiki kuna jambo la taratibu zaidi. Petroli ina benzini, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa linaiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya damu. Wazee wanaokumbuka maonyo kuhusu risasi kwenye petroli wajue kwamba hiyo iliondoka. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Benzini haikuondoka. Inapita kwenye ngozi na inapita puani. Glavu za mpira na maji ya sabuni vinatosha kwa kazi kubwa ya kuosha, petroli kidogo ikiachiwa zile sehemu za ndani tu. Baba aliyemaliza kazi abadili shati kabla ya kumbeba mtoto mchanga.

Baada ya kabureta kufungwa, kipimo kilichobaki ni cha bure. Kipande cha katoni safi kiwekwe chini ya ule mpira mwembamba wa kumwagia, pikipiki ikiwa imeegeshwa nje mchana, jirani na mtu wa kuiangalia, koki ikiwa wazi. Baada ya saa mbili kitazamwe. Kikiwa na doa linalonuka, sindano bado haizibi. Koki ifungwe, katoni nyingine iwekwe, isubiriwe tena. Ya pili ikibaki kavu, pikipiki inaweza kuingia ndani usiku huo koki ikiwa imefungwa, hadi sindano mpya inunuliwe. Nayo ikilowa, koki imechoka pia, na pikipiki hiyo ilale nje au ilale kwa fundi.